Damu Iliyofika Japani

Harufu ya spiriti ya hospitali hunirudisha Matisi, Kitale, miaka ya themanini, kwenye chumba cha mbele ambamo mama alikuwa akifuta vioo vyake vya kupimia damu kwa pamba. Mama alikuwa mtafiti wa malaria. Aliwapima watoto kijijini kwa baba, Bungoma, akaandika makala iliyochapishwa ng'ambo, na tangu hapo posta ikaanza kutuletea kadi: daktari wa Japani anaomba nakala, wa Brazili naye anaomba. Mimi nilichotaka ni stempu tu. Nilizibandua kwa maji ya uvuguvugu nikatamba nazo shuleni kana kwamba makala niliiandika mimi.

Likizo ya Agosti tukaenda Bungoma. Mama alihitaji kuwapima tena watoto wale wale. Bila hivyo utafiti wake ungeishia hapo. Alibeba nakala za makala akagawa kila boma, akiamini kwamba amewapelekea majibu. Kina mama walizipokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Jirani mmoja aliibandika yake ukutani kwa uji wa unga, kando ya kalenda, juu chini. Lakini kesho yake, mama alipotandika meza uani kwa Kukhu, nyanya yangu, kina mama walifika bila mtoto hata mmoja.

Kukhu hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Alimwambia mama kwamba mtu akichukua kitu kwa boma la watu, hurudi akasema kilifanya kazi gani, na yeye amewaletea karatasi ya Kizungu. Mama aliinamisha kichwa. Kisha akavuta kigoda, akaketi kati yao, akaanza kumweleza kila anayeuliza mtoto wake alipatikana na nini.

Ikafika zamu ya Mama Wanjala. Mwanawe, Wanjala, alikuwa amefariki wakati wa mvua, na sote tulijua.

"Na wangu?" aliuliza. "Wangu ulimpata na nini?"

"Malaria, mama. Tulimpa dawa, damu ikawa safi." Mama akamtazama usoni. "Kilichomchukua baadaye, sikijui."

Nilitamani ardhi inimeze. Msomi mzima, anayeandikiwa na Wajapani, anasema mbele ya watu kwamba hajui! Mama Wanjala alipangusa macho kwa leso. Halafu akamtuma mtu nyumbani amlete Nafula, binti yake mdogo, akampakata, akamshikia kidole kichomwe. Wengine nao wakaenda kuwaita watoto wao.

Mama alipostaafu, wenzake walisimama mmoja baada ya mwingine kusifu jinsi makala ile ilivyotumiwa duniani. Nilikuwa nayo mapajani. Kwenye mchoro wake kila mtoto ni nukta, na sikuweza kujua Wanjala ni ipi. Utotoni niliamini Mama Wanjala alimsamehe mama lile neno "sikijui". Siku hiyo, katikati ya makofi, ndipo nilipoelewa kwamba alimtoa Nafula kwa sababu ya neno hilo. Mtu asiyemdanganya kuhusu mtoto aliyezikwa hangemdanganya kuhusu aliyebaki.