Gogo na Kinu Mteremkoni

Nakumbuka asubuhi ile gogo lilipotuponyoka, mwanangu, kwetu Kabambare. Nilikuwa mke mchanga, na Feza, mtoto wangu wa kwanza, alikuwa hajaanza kutambaa. Baba mkwe wangu, Mzee Mulamba, alichonga vinu. Mti alioutaka uliota juu ya mteremko, na chini yake ndipo lilipokuwa jiko langu. Vijana waliukata vipande viwili, wakakifunga kimoja kamba ili wakishushe polepole. Mwenda pole hajikwai, ndiyo, lakini kamba yenyewe ilikuwa kuukuu. Ikakatika.

Lile gogo la mviringo halikupinda hata kidogo. Lilikata shamba la mihogo moja kwa moja, kama limetumwa, likapasua ukuta wa jiko likazama ndani. Na humo ndani Feza alikuwa amelala, bibi yake akichochea moto. Nikakimbilia jikoni. Vumbi likatanda, kisha nikamwona mama mkwe anatoka, mtoto kifuani.

“Tuko wazima!” alipiga kelele. “Feza iko muzima!”

Niliporudiwa na pumzi, nikamsikia mume wangu akisema, “Baba, hii ya pili tuipitishe upande wa kule.”

“Nyamaza, Kitenge,” mzee akamkemea. “Na kule iko watu. Hii gogo haina akili ya kusimama. Ngoja niipe.”

Lile gogo la pili akalichonga kinu kulekule juu, siku baada ya siku: mdomo mpana, kitako chembamba. Siku ya kukishusha alituondoa sote chini, akakilaza kinu ubavu, akakisukuma kwa mguu.

Kikaanza kubingirika, mwanangu, nami nikafumba macho. Nilipoyafumbua, kinu kilikuwa kinapinda. Mdomo mpana ulikimbia, kitako kikachelewa. Kikazunguka, kikarudi, kikayumba huku na huku kama mtu anayekataa kwa kichwa. Halafu kikatulia, mdomo umeelekea bondeni. Hakuna aliyekishika! Vijana wakakisukuma tena, kikapinda tena, kikalala tena, hivyo hivyo mpaka chini.

“Baba, umetia dawa gani?” Kitenge akauliza kwa sauti ndogo.

“Dawa hakuna. Kitu chenye unene sawasawa kinakimbia. Chenye upande mwembamba kinazunguka. Mungu aliviumba hivyo.”

Mti ulikuwa mmoja na mteremko mmoja. Kilichobadilika ni umbo tu. Jiko tulilijenga upya kwa matofali, na hata leo nikiona tofali limetulia juu ya mwenzake, bila kuteleza wala kukimbia, huwa nasimama kidogo nikashangaa.

Mwanangu, kabla hujasukuma kitu, kiwe mzigo, neno au mtu, kitazame kwanza kimeumbwa vipi, kisha tazama nani yuko chini yake. Majuto ni mjukuu, na wewe bado una wakati wa kutazama. Mungu akupe macho ya kuona mapema na mikono isiyo na pupa, na watoto wako walale salama.