Dawa Niliyopewa Karibu na Rodi Siku ya Sabato

Wanaonijua Migori wanajua sisemi uongo, na sina haja nao. Nina diploma ya ufundi wa magari, nimefanya kazi Uarabuni miaka tisa, nimerudi nikajenga gereji yangu bila kumwomba mtu. Mtu kama mimi haogopi vivuli. Basi nikikwambia hili lilinipata saa saba mchana, jua kali, niamini.

Nilikuwa nampeleka mama hospitali Homa Bay kutoka kwake Ndhiwa. Kifua kilikuwa kimembana tangu alfajiri. Gari lilikuwa Pijo ya marehemu baba. Injini za umri ule zina valvu laini, zilizoea petroli ya zamani yenye madini ya risasi, kwa hiyo mimi huiongezea dawa ya kopo ya kulinda valvu. Watu husema gari kuukuu hunywa chochote. Ujinga mtupu.

Lakini siku hiyo ilikuwa Sabato, na mama ni Msabato wa kweli: hapandi gari lenye mafuta yaliyonunuliwa Sabato. Ndiyo maana Ijumaa, jua likikaribia kuzama na Sabato kuingia, nilijaza haraka kwenye kituo cha kwanza nilichokiona, bila hata kushuka.

Karibu na Rodi, kwenye mwinuko, injini ikaanza kugonga, ka-ka-ka, kama misumari ndani ya debe. Kisha ikazima. Nilifungua tangi nikanusa. Mafuta taa! Walikuwa wamechanganya. Simu haikushika mtandao, barabara tupu, watu wote kanisani. Midomo ya mama ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu.

Nilipoinua kichwa, mwanamke alikuwa amesimama kando ya boneti. Alitokea wapi? Sijui hadi leo. Miguu mitupu juu ya lami ile ya moto, chupa ya soda mkononi, ndani yake kitu chekundu.

"Fundi, unatafuta dawa?"

"Dawa gani? Ya valvu au ya kusafisha tangi?" Hata katika shida nilitaka ajue nimesoma.

"Dawa ni dawa," akasema, akiitazama Pijo. "Umemnywesha mzee huyu taka."

"Najua. Pua yangu hii haidanganywi na petroli yoyote Kenya hii."

Akacheka. Nikatoa pesa. Mama akasema kwa shida kutoka nyuma, "Usinunue, wuoda, mwanangu. Ni Sabato."

"Mama amesema vizuri," mwanamke akajibu. "Leo siuzi. Leo tunabadilishana. Nipe hiyo pua."

Wewe ungesemaje? Nilidhani ni mzaha, na mama alikuwa ananifia. "Chukua, dada! Chukua hata masikio!"

"Pua inatosha."

Akamimina kile kitu chekundu tangini, akafunua boneti. Kisha akaweka kiganja juu ya injini iliyokuwa ikifuka mvuke, akakiacha pale kama mtu anayempima mtoto homa. "Washa." Injini ikawaka mara moja, tulivu kama cherehani mpya. Nilipogeuka kumshukuru, hapakuwa na mtu, wala harufu ya mafuta taa, wala harufu yoyote.

Mama aliwekewa oksijeni, akapona. Mimi sijanusa kitu tangu siku hiyo: si petroli, si samaki wa kukaanga, si kichwa cha mwanangu akitoka kuoga. Daktari alimulika puani akasema hakuna kasoro. Mwezi uliofuata mpira wa petroli ulivuja gerejini nami nikashika kiberiti. Mteja ndiye aliyenivuta shati. Siku hizi mama anaishi kwangu, huketi mlangoni mwa gereji, na kila jerikani ikiletwa, yeye ndiye anayenusa. "Hii hapana, wuoda," husema, nami nairudisha.

Sikia, wewe mwenye gari la zamani. Dondosha petroli kwenye karatasi nyeupe kabla ya kujaza. Ikikauka ikaacha doa, kimbia. Dawa nunua dukani. Na mtu akikuuliza barabarani kama unatafuta dawa, usimjibu kwa mzaha, hata kama nyuma yako kuna mgonjwa. Mimi sijuti, maana mama yu hai. Lakini mama anazeeka, na kila jioni nikifunga gereji humtazama akiinuka polepole kitini, nikajiuliza kesho nani ataninusia.