Saa ya Redio Ilipotangulia

Mimi ndiye niliyeiwekea redio ya mtaani kwetu ile kompyuta ya Linux inayorusha matangazo na adhana bila ya mtu kuigusa. Nilipofika pahala pa kuchagua ukanda wa saa, mwenye redio, mzee mmoja mjuzi wa kila kitu, alikuwa kanisimamia mgongoni. Akaona kwenye orodha Dar es Salaam imo, Zanzibar haimo.

"Hata saa tuazime bara?" akaniuliza.

"Mzee, saa zetu ni hizo hizo," nikamjibu, nikabonyeza.

Ramadhani iliyofuata shangazi yangu wa Kiembe Samaki, aliyenilea, alikuwa anasumbuliwa na sukari. Daktari alimkataza kufunga. Akalia mpaka akaruhusiwa siku moja tu, ajaribu. Akachagua Ijumaa. Nilikwenda kushinda naye, simwondolei jicho. Alasiri umeme ukakatika mji mzima. Midomo ilishamkauka, lakini kila nikimuuliza hali ananambia, "Hebu niache na Mola wangu."

Redio yake ya betri, inayopokea matangazo ya yule mzee, ikaadhini. Akala tende, akanywa maji, machozi yanamtoka kwa furaha. Na mimi nililia, sioni haya kusema. Hata glasi hajaiweka chini, tukamsikia muadhini wa msikiti wa jirani. Alikuwa anaadhini kwa koo lake, maana kipaza sauti hakina umeme. Shangazi akanitazama.

"Basi ile ya mwanzo ilikuwa ya nani?"

Nikampigia mzee simu, hasira zishanipanda. Kumbe umeme ulipokatika kompyuta ilizimika, na kibetri chake cha ndani, kinachoitunza saa, kilikuwa kishakufa. Jenereta lilipowashwa ikaamka haijui ni saa ngapi, na mtandao wa kuiambia haupo. Mzee akaiwekea saa kwa kutazama saa yake ya mkononi. Na saa ya mzee, mtaa mzima unajua, huitanguliza dakika tano makusudi ili asikose sala ya jamaa.

"Sasa ningejuaje mie?" akasema. Mwenyewe alikuwa keshafuturu.

Haki yake nimpe: hakujificha. Alitangaza kwa sauti yake kwamba waliofuturu kwa adhana ya redio wailipe siku ile, na kosa ni lake. Mimi nikabadilisha kibetri, nikaipanga kompyuta isirushe adhana kabla ya kuihakiki saa yake mtandaoni. Lakini hayo yote yalimfaa nini shangazi? Siku yake ilikuwa moja, nayo imeharibika, na daktari hakumuahidi nyengine. Redio aliifunika kitambaa. Iliniuma zaidi kwa kuwa hakumlaumu mtu.

Baada ya Idi, tulipokwisha kumbembeleza sana, daktari akaridhia. Siku ya kulipa, magharibi inakaribia, mzee akapiga hodi na sahani ya tende mkononi.

"Nami nnalipa leo, Bi Mkubwa," akasema. "Nimeona bora tufuturu pamoja."

Shangazi akamkaribisha mkekani. Tukakaa sote, redio imefunikwa vile vile. Mzee akatazama mkono wake, akasema Bismillahi, akaokota tende.

Shangazi hakugeuza hata shingo. "Irudishe sahanini," alimwambia. "Bado dakika tano."

Mzee akairudisha, tukangoja.