Jogoo Aliyemngoja Kaka

Kaka yangu alikuwa na kazi ya ofisi Kitale, na kila Desemba kazi yake kubwa ilikuwa kuidharau Krismasi. Mimi nilikuwa nauza mitumba mjini humo humo, karibu na mtaa wa Kipsongo. Nikipita kwake kumkumbusha safari ya nyumbani, ananihutubia mlangoni: Krismasi ni ya watoto na wenye maduka, mtu mzima hapandi gari ati akale kuku. Mwaka huo aliyasema hayo akitafuna paja la kuku.

"Mwambie Mama nitakuja," akasema. Lini, hakusema.

Nikaenda nyumbani Matulo peke yangu. Mama alikuwa ameikandika nyumba upya na kutundika baluni. Nyuma ya jiko kulikuwa na jogoo mwekundu, amefungwa kamba mguuni. Shida ni kwamba kwetu mwanamke hachinji kuku, awe mama au binti kama mimi, na Baba tulikuwa tumemzika. Kisu kilikuwa kinamngoja kaka.

"Si tuite kijana wa jirani," nikasema.

"Nina mwana wa kiume," Mama akajibu. "Nikiazima mkono wa jirani, kijiji chote kitasema sina."

Basi siku ya Krismasi tulitoka kanisani tukala ugali na kunde, tukinusa kuku wa watu. Hata paka wa jirani alikula vizuri kuliko sisi. Kila gari lilipolia barabarani Mama alichungulia, kisha akajifanya anaangalia mawingu. Nilimkasirikia kaka mpaka nikasukuma sahani ya kunde kando. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na aliyengojewa alikuwa ameshiba Kitale.

Kesho yake asubuhi Mama alinitia kisu mkononi. Akamshika jogoo miguu na mabawa, akageuza uso. Nilichinja vibaya, lakini nilichinja. Wakati wa kula akachukua firigisi, ile ambayo hupewa mwanamume wa boma na si mtu mwingine, akaiweka kwenye sahani yangu.

"Kula," akasema. Nikala polepole.

Siku ya tatu ndipo Krismasi ilipompanda kaka kama malaria. Alishuka na kofia nyekundu yenye pamba, keki kubwa, na redio inayoimba kwa sauti ya kuamsha wafu. Akatulaumu ati boma limepoa, hatuna furaha, sisi ni watu gani. Mama akampashia kilichobaki, shingo na bawa. Kaka akakoroga mchuzi, akakoroga tena.

"Mama, firigisi iko wapi?"

"Pole, baba. Imeliwa na aliyechinja."

Kaka akaweka kijiko chini. Kofia ilikuwa bado kichwani. "Ni mwanamume gani huyo ameingia hapa kuchinja kwa boma letu?"

Mama alichukua birika, akanimiminia chai mimi kwanza, halafu kaka.