Maswali Niliyomuuliza Mama

Kwa miaka kumi na moja nimekuwa na kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi mjini Busia, upande wa Kenya, mwendo wa dakika chache kutoka geti la mpaka. Watu huleta fomu za forodha, vyeti vya kuzaliwa, barua za kuomba kazi. Lakini kazi inayokuja kila wiki bila kukosa ni vijitabu vya mazishi. Familia huja Jumatano au Alhamisi, wanataka kuzika Jumamosi, na mkononi wana picha na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu: historia ya marehemu. Nachapa, nawasomea, wanasahihisha, ndipo naitoa.

Shuleni sikuipenda historia hata kidogo. Mwalimu wetu alijaza ubao kutoka kengele hadi kengele, nasi tukinakili, na siku ya mtihani nikachanganya wafalme na mikataba. Nilidhani historia ni mambo ya watu wakubwa waliofia mbali.

Aliyenigeuza ni mjane mmoja mzee kutoka Samia. Wanawe walikuwa wameandika kwamba baba yao alikuwa mkulima, mcha Mungu, baba wa watoto tisa. Nilipomaliza kuwasomea, yule mama, aliyekuwa kimya kwenye benchi, akasema, "Ongeza kwamba alifanya kazi ya reli."

Wanawe wakamgeukia. "Reli gani, mama?"

"Ile ya kutoka Tororo kwenda Lira, walipoirefusha. Alikuwa kijana. Mguu wake uliumia huko."

"Sisi tulijua alianguka kutoka mtini."

"Hakuna aliyeuliza," akasema, akakunja leso yake.

Nikaongeza sentensi ile. Nilipofunga kibanda jioni nilikuwa bado naiwaza. Mtu alikuwa amechechemea mbele ya watoto tisa maisha yake yote, na hakuna aliyejua kwamba chini ya magurudumu ya garimoshi kulikuwa na mguu wake. Wiki iliyofuata nilinunua daftari. Familia zikija, nikawa nauliza zaidi ya yale niliyohitaji kuchapa: alizaliwa wapi hasa, kwa nini walihama, alikuwa anafanya nini kabla ya kuoa. Wengine walikasirika, wana haraka ya kwenda kununua sanduku. Wengine walikaa saa nzima.

Mhadhiri mmoja wa Chuo Kikuu cha Busitema, ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa akiniletea kazi za wanafunzi wake nizijalidi, aliniona naandika, akaniazima kitabu kuhusu nchi hizi mbili. Nilikisoma kati ya mteja na mteja. Humo ndimo nilimojifunza kwamba ardhi ninayokanyaga, hadi mbali kule Naivasha, iliwahi kuhesabiwa kuwa Uganda, na kwamba mstari tunaopangia foleni kila siku ulichorwa na watu ambao hawakuwahi kulima hapa. Nilitoka nje nikatazama geti, malori yamejipanga, wanawake wanavuka na mayai na vitunguu, nikahisi kama mtu aliyeonyeshwa chumba kingine ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa. Sijui kama nimewahi kufurahia kitu namna ile.

Na nyumbani nilikuwa na mama.

Alikuwa Mpadhola wa Kirewa, wilaya ya Tororo, upande wa Uganda. Aliolewa huku na baba, Msamia, na baba alipofariki nikamchukua tukaishi pamoja. Moyo wake ulikuwa umechoka. Miguu ilivimba, na usiku alilala ameegemea mito. Alikuwa ameishi Kenya zaidi ya miaka arobaini, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kurudi Kirewa hata siku moja. Tukiwa wadogo tulimwomba atupeleke, na kila mara palikuwa na sababu: mvua, shamba, mtoto anaumwa. Mdogo wake, mama yetu mdogo, ndiye aliyekuja kutuona mara tatu au nne. Alikunywa chai, akakaa kidogo, akaondoka.

Mwanzoni mama aliupenda mchezo wangu wa daftari. Aliniambia jinsi walivyopalilia wimbi, yaani ulezi, kwa mistari, na jinsi bibi yangu alivyochoma matete na kuchuja majivu yake kupata chumvi, wakati chumvi ya dukani ilipokosekana. Alicheka akisimulia. Asubuhi aliniuliza, "Ile ya chumvi naandika?" Alizungumza Kiswahili cha upande wa pili, ambamo "naandika" huweza kuwa "umeandika", na hakikumtoka kamwe.

"Nimeandika, mama."

"Soma."

Namsomea, anaitikia kwa kichwa.

Kisha nikafika katika kitabu changu penye habari za magendo, miaka ile ambayo Uganda haikuwa na sabuni wala sukari, na watu wakibeba kahawa kichwani kuivusha Kenya, na wanajeshi wakiwavizia. Nilipiga hesabu ya umri. Mama alikuwa msichana wa miaka kumi na sita hivi, na ndio wakati aliokuja huku.

"Mama, wewe ulivuka wapi? Ulikuja na nani?"

Alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Mkono ukasimama.

"Mimi nakuja Kenya, naolewa, nazaa nyinyi. Imeisha."

Ningeachia hapo. Mtu mwenye busara angeachia hapo. Lakini nilikuwa nimezoea wateja, na nilijua kwamba anayenyamaza mara ya kwanza husema mara ya pili. Siku mbili baadaye nikauliza tena, nikizunguka: je, kahawa ilipita Kirewa? Akasema hajui. Nikauliza kama alimjua mtu yeyote aliyekamatwa. Akasema kichwa kinamuuma.

Mara ya tatu ilikuwa Jumapili baada ya kanisa. Nilikuwa namwosha miguu kwa maji ya vuguvugu, nimepiga magoti mbele yake, na daftari liko kitandani. Nikauliza.

"Historia yako iko hapa Busia," akasema. "Wewe nazaliwa hapa."

"Lakini yako ni yangu pia, mama. Kila wiki watu wanalia mbele yangu kwa sababu hawakuambiwa kitu. Unataka nami niwe kama wao?"

Alivuta miguu kutoka kwenye beseni kabla sijamaliza. Maji yalimwagika kwenye kanga yangu. Hakunitazama.

"Hiyo daftari, weka mbali na mimi."

Nililiweka mbali, lakini nililiweka kwa hasira, na yeye aliona. Tangu siku ile tulizungumza habari ya dawa, uji, na saa ya sala. Nilimhudumia kwa uso uliofungwa, kama mtu aliyenyimwa haki yake. Siku kumi na tisa. Halafu pumzi ikambana, tukampeleka hospitali, na asubuhi ya pili, nikiwa nimetoka kumtafutia chai, akafariki. Muuguzi aliniambia kwamba mama aliuliza, "Binti yangu ameenda wapi?"

Alhamisi nilikaa kwenye mashine yangu mwenyewe, nikaandika historia ya marehemu. Nilikuwa nimeandika za watu labda mia kadhaa. Ya mama ilinitoka hivi: alizaliwa Kirewa, mtoto wa kwanza kati ya watoto wawili, akasoma hadi darasa la sita, akaja Kenya, akaolewa. Kati ya shule na ndoa niliweka nukta. Nililia juu ya ile nukta. Kaka yangu alikuja kunichukua, akadhani nalilia mama tu.

Tulimzika kando ya baba. Mama mdogo alikuja na watu wanne kutoka Kirewa, alfajiri wakiwa wameshapita Tororo. Historia iliposomwa nilimwona ameinamisha kichwa. Watu walipokuwa wanakula alinivuta pembeni, nyuma ya jiko.

"Naandika tulikuwa wawili," akasema.

"Si mlikuwa wawili?"

"Tulikuwa watatu. Njoo Kirewa."

Nilikwenda mwezi uliofuata. Nilivuka asubuhi, nikapitia Tororo, jiwe lile kubwa limesimama juu ya mji, kisha bodaboda hadi Nagongera na mbele hadi Kirewa. Ilikuwa msimu wa kupanda mihogo. Mama mdogo aliniketisha mbele ya nyumba yake, juu ya mkeka, akaniletea karanga za kuchemsha. Akaanza bila kuulizwa, nusu Kidhopadhola, lugha yao, nusu Kiswahili cha soko la Tororo, na binti yake akinisaidia pale nilipokwama.

Walikuwa watatu. Wa kwanza si mama, ni kaka yao, aliyempita mama miaka miwili. Kahawa ilishuka kutoka upande wa Mbale, ikapita mikononi mwa watu wengi, na waliokuwa na nguvu waliibeba hadi mto Malaba. Kaka yao alibeba. Siku moja mwenzake aliugua, na mama akasema atakwenda yeye. Baba yao alikataa. Mama alisisitiza, alitaka kujiletea kitambaa cha gauni kutoka Kenya. Wakaondoka.

Wanajeshi waliwakuta kwenye matete, karibu na maji. Kaka yake alimwambia akimbie asigeuke. Mama alikimbia, akavuka maji yakimfika kifuani, akasikia risasi, hakugeuka. Alikaa ng'ambo siku mbili, chini ya kichaka, akingoja. Hakuna aliyekuja. Mwili haukupatikana, mpaka leo. Mwanamke mmoja wa Busia alimwokota, akampa kazi ya kuuza samaki.

"Halafu dada akatuma watu kwa baba," mama mdogo akasema, "anauliza, narudi?"

"Babu akajibu nini?"

Alipangua maganda ya karanga kwenye mkeka, akayakusanya tena.

"Baba anasema: arudi na kaka yake. Kama hana kaka yake, asirudi." Akanisogezea karanga. "Hiyo maneno mimi ndiyo napeleka. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi. Shangazi nakwenda Busia sokoni, mimi naye. Naona dada yangu kwa samaki, nafurahi, nakimbia kwake. Namwambia vile baba alisema. Sikujua ni maneno ya namna gani."

Nilimuuliza dada yake alifanya nini aliposikia. Akasema alimpa samaki mmoja aliyekaangwa, akamfuta mikono kwa nguo yake, akamwambia amsalimie mama yao.

Nilikaa pale nikiliona lile beseni, na miguu ya mama inatoka majini. Nilimweleza mama mdogo kila kitu: daftari, maswali, siku zile kumi na tisa. Nilitaka aniambie kwamba mama asingejali. Hakusema hivyo.

"Uliuliza sana," akasema. "Lakini hata ungeuliza polepole, hangesema. Mimi nilikuja kwake mara nne nikitaka kuomba msamaha. Nakunywa chai, narudi."

Bado nasoma. Nimerudisha kitabu cha mhadhiri na kuazima vingine viwili, na familia zikija bado nauliza, ila sasa mtu mzee akinyamaza, naendelea na kuchapa. Sioni kwamba nimekuwa mwema zaidi. Naogopa tu. Kuna siku najiambia kwamba alikuwa na haki ya kuyabeba peke yake hadi mwisho, na kuna siku namkasirikia tena, halafu naona aibu.

Siku ile Kirewa jua lilikuwa bado juu niliposimama kuaga, lakini mama mdogo alinishika mkono. Alisema hajui karibu chochote kuhusu maisha ya dada yake kuanzia ile siku ya samaki, maana alipokuja kwetu walikunywa chai tu bila kuulizana. Miaka yote ile. Akaanza kuniuliza. Je, alilima huko, au alinunua chakula? Alipika wimbi? Aliimba kanisani, maana alipokuwa msichana alikuwa na sauti? Baba yako alimpiga? Alipenda nini?

Nikakaa tena kwenye mkeka. Nikamwambia kwamba aliimba sauti ya pili kwenye kwaya ya akina mama. Nikamwambia baba hakumpiga, kwamba alikuwa na shamba la mihogo na alipenda chai yenye tangawizi nyingi. Kuhusu gauni, akauliza, je, alipenda magauni? Nikafikiri sana. Nikamwambia sikuwahi kumwona akinunua kitambaa. Nguo zake zote alinunuliwa na baba au nasi watoto, na tulipomuuliza anataka rangi gani, alisema yoyote.

Mama mdogo alifunika uso kwa mikono yote miwili. Binti yake akaingia ndani kututengea chai.