Buluu ya Gari la Baba

Mimi ni mtu wa wasiwasi, sikatai. Kaka yangu husema nikikosa la kuhofia naazima kwa jirani. Mwaka huu sikuazima. Daktari alimulika macho ya mama, akasema presha ya macho imeshakula sehemu kubwa ya kuona kwake. Dawa ya matone ingechelewesha tu kuondoka kwa kilichobaki, na kilichokwisha kuondoka hakirudi. Tukiwa njiani kumrudisha kijijini kwake Gonja, mama akasema, taratibu kama anayeomba maji ya kunywa, "Natamani nilione gari la baba yenu likiwa buluu tena, kabla sijapofuka."

Gari lenyewe ni lile dogo la Kijerumani lenye mgongo wa kobe. Ndilo lililompeleka mama kanisani siku ya harusi yake. Baba alipofariki lilibaki bandani, nyuma ya nyumba yangu hapa Same. Kuku walitagia kiti cha nyuma, rangi ikababuka, na kutu ikajilia bila kuulizwa na mtu.

Nikamtafuta fundi. Alilizunguka akiligonga kwa spana na kusikiliza, kisha akasukuma kidole chini ya mlango, kikazama chote.

"Mwalimu, hapa hakuna bati," akasema. "Hapa kuna rangi zimeshikana mikono."

Nilimwomba azibe matundu kwa puti, ule uji mzito wa kupaka na kukauka, tuwahi. Akakataa kata kata. Puti juu ya kutu, alisema, masika moja tu inadondoka. Basi akakata palipooza, akachomelea bati jipya, akapiga msasa, akapuliza praimer, ile rangi ya kijivu inayotangulia rangi yenyewe, gari zima. Kila nilipotoka shule nilipita bandani kwanza, hata maji sijanywa, kuona kazi imesogea wapi. Nilikuwa msumbufu, najua. Siku moja akaniambia, "Mwalimu, kutu haiogopi fimbo."

Mama hatukumwambia neno. Tulitaka tumshtukize.

Ikabaki rangi. Fundi alipong'oa kapeti alikuta buluu ya mbingu, na ndani ya mlango akakuta buluu nzito ya sweta za shule. Kumbe baba aliwahi kulipaka upya, ila hakuna aliyejua kama ni kabla ya harusi au baadaye. Nikauliza kwenye kundi la familia kwenye simu. Hapo nikawa nimechokoza nyuki. Kaka, anayelima mpunga Kileo, akasema buluu ya mbingu, wala si suala la kujadili. Baba mdogo, mdogo wake baba, anayeishi jirani na mama kule Gonja, akasema nzito, na kwamba kwenye harusi ile yeye alikuwepo na kaka alikuwa hajazaliwa.

Watu hututania Wapare kwamba tunauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Nawaambia, bado hawajatuona kwenye kesi ya rangi. Ililetwa picha ya harusi. Ilikuwa ya nyeusi na nyeupe, na bado wakabishana juu yake. Baba mdogo akashuka Same, akaitisha kikao kwangu, tukala makande, tukanywa chai ya tangawizi, tukaahirisha. Kikao cha pili nacho kikaahirishwa. Mtu pekee mwenye jibu alikuwa mama, na ndiye tuliyekuwa tunamficha.

Gari likakaa kijivu. Mama akipiga simu ananisimulia kwa kicheko kwamba amemimina chai nje ya kikombe, au amepishana na mchungaji njiani asimsalimie. Nilicheka naye. Nikikata simu nakaa kitandani nikihesabu siku. Niliwachukia wale wanaume wawili pamoja na buluu zao. Mwisho nikaandika kwenye kundi: nimeamua, buluu ya mbingu, asiyetaka afunge macho. Nikayasoma maneno yangu mwenyewe, nikayafuta, nikaandika upya bila macho.

Rangi ikachanganywa. Ikaja zamu ya upepo, na upepo wa Same hauna adabu. Fundi alikuja alfajiri kabla haujaamka, akamwagia ardhi maji kutuliza vumbi, na kabla hajawasha kompresa ukawa umeshafika. Akafunika kopo. Kesho yake ikawa vilevile. Rangi ikishika vumbi tutaisugua yote, akasema, bora tusubiri. Mimi kusubiri ndiko kulikokuwa kunaniua.

Tukiwa bado tunautazama upepo, baba mdogo akaingia getini. Alikuja kukata rufaa. Nyuma yake alikuwepo mama na fimbo yake, amejifunga kanga ya kutokea.

"Nimeleta shahidi," akasema baba mdogo.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Shemeji ameniambia yote. Liko wapi?"

Nikamshika mkono, nikampeleka bandani. Gari lilikuwa kijivu kuanzia taa za mbele hadi za nyuma, halina hata tone la buluu. Mama akasimama. Akainamisha kichwa upande huu, kisha upande ule, kama anavyofanya siku hizi anapotafuta kitu. Akatazama muda mrefu.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Buluu yake ile ile. Mungu awabariki, wanangu."

Fundi akanitazama. Baba mdogo akavua kofia. Sikujua kama mama haoni au anatuonea huruma, na sikuthubutu kuuliza.

Kisha akanyoosha mkono aliguse gari ubavuni. Praimer iliyopigwa msasa ni kavu, inakwaruza kama chaki, na vidole vyake bado vinajua kila kitu. Nikaudaka mkono wake kabla haujafika.

"Usiguse, mama," nikasema. "Rangi bado mbichi."