Suruali Pana ya Baba

Harufu ya lami mbichi barabarani Kiminini hunirudisha jikoni kwetu, siku ile baba aliporudi kutoka kazi ya meli, akinuka vivyo hivyo.

Alivaa suruali ya buluu, pana miguuni kama sketi mbili. Sisi watoto tulicheka. Mama hakucheka. Alishika pindo, akaligeuza, akautazama mshono kwa muda mrefu.

"Na upana huu wote ni wa nini, baba watoto?"

"Ni wa kazi. Tukiosha sitaha tunaikunja mpaka mapajani. Ukianguka majini unaivua upesi, hata viatu vikiwa mguuni. Mabaharia wamevaa hivi tangu zamani."

"Nani alikushonea?"

"Si ni mimi mwenyewe! Melini hakuna wanawake."

Mama akamrushia gauni langu lililochanika begani, kisha akampa sindano na uzi. "Haya, shona."

Baba aliketi kwenye kigoda akashona bila kuinua macho. Alipomaliza, mama alipeleka gauni mlangoni penye mwanga, akamwita baba asimame karibu, akalinganisha mishono. Ilifanana kabisa.

Nikashusha pumzi, nikidhani yamekwisha.

"Kweli kushona unajua," mama alisema. "Sasa niambie ni nani alikufundisha."